Rafadha Mbili za Tangi la Tope

Kivuko cha ziwani kilikuwa jukwaa la chuma lililovutwa kwa waya kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mume wa dada yangu alikuwa amevuka juu yake na lori la tajiri wake kwa miaka mingi, na kama madereva wengi wa njia ile, alikuwa ameacha kushuka garini wakati wa kuvuka. Siku moja, mwishoni mwa mvua, kivuko kikiwa katikati ya maji, lori lilirudi nyuma taratibu, likakata mnyororo wa kuzuia magari, likazama. Niliwauliza waliokuwapo, mmoja mmoja. Muuza samaki alisema mlango wa dereva ulikuwa wazi. Mvuta waya alisema ulikuwa umefungwa. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wake alisema dereva alipiga honi. Mwenzake alisema honi ilijipiga yenyewe maji yalipoingia. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna aliyemwona akiibuka.

Wavuvi walitupa ndoana za chuma zilizofungwa kwenye kamba ndefu, zikarudi na majani. Kisha akaletwa mzamiaji, Mzungu aliyekuwa amekuja kwa kazi ya ukuta wa bwawa. Alishuka, akakaa kidogo, akatoka. Alisema kwa Kifaransa kwamba kule chini hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Palikuwa na matope mepesi yaliyomfika kiunoni, na mkono wake mwenyewe hakuuona. Akakunja vifaa vyake, akapewa chai, akaondoka.

Hapo ndipo mambo ya dada yangu yalipoharibika.

Familia ya mumewe ilikuwa ya watu wa Kasai. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa marehemu, mzee aliyeletwa Kolwezi akiwa kijana kuchimba shaba, na sasa alikuwa amestaafu. Wote tulimwita tata mukubwa. Wanawake wa mtaani walikuwa wamekwisha kufika uani na mikeka yao, wamevua viatu, wanangoja tu mtu wa kuanza. Tata mukubwa alisimama mlangoni akawazuia.

"Maiti iko wapi?" aliuliza. "Munionyeshe maiti kwanza, njo mulie."

Mama mmoja akasema, "Tata, lori yote ilizama mu mayi."

"Lori ilizama. Mi sikuuliza lori."

Kwao, kumlilia mtu ambaye hujaona mwili wake ni kumwita afe. Tata mukubwa hakuwa mkatili katika jambo hili. Alikuwa na hofu. Alitueleza habari ya kijana wa ukoo wao aliyepotea jeshini. Walimlilia, wakamaliza, wakanyoa, kisha akatokea barabarani na begi lake mkononi, akawakuta bado wana majivu mwilini. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tena, alisema, wanaume wanapotea kila siku. Wanapita Kasaji wakiingia Angola, wanavuka kwenda Zambia, wanaoa kule. Mlango wa lori ulikuwa wazi, si ndivyo alivyosema muuza samaki?

Basi kilio hakikufunguliwa. Dada yangu hakuwa mke, wala hakuwa mjane. Hakuruhusiwa kulala chini kama wafiwa, wala kurudi nyumbani kwa baba yetu, kwa sababu mke wa mtu aliye hai haondoki kwake. Kila jioni alisonga bukari, yaani ugali, ya mume, akaitenga mezani chini ya sahani iliyopinduliwa, na asubuhi akawamwagia bata. Mtu aliye hai anakula, tata mukubwa alisema. Akina mama wa kwaya ya kanisa walipokuja kumwona, walikaa naye wakaimba nyimbo za Krismasi, kwa kuwa za mazishi zilikatazwa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kampuni ya migodi, na siku za mapumziko nililala kwake. Nilimwona akikonda. Hakulia hata mara moja mbele yangu. Alikuwa akifunga mdomo kwa nguvu hata misuli ya shavu ikasimama, na ilikuwa hivyohivyo alipokuwa akifua, akichambua mchele, akijibu salamu.

Mdogo wa mumewe ndiye aliyechoka kwanza. Huyu alikuwa mulamu wangu, shemeji yangu, fundi wa kufunga na kurekebisha mashine katika kiwanda ambamo mawe ya shaba yanasagwa na kuchanganywa na maji hadi yawe tope. Jumapili moja baada ya ibada alisema mbele ya watu wote:

"Kama hakuna mutu anaenda kule chini, mi nitaenda."

"We unajua kuogelea?" tata mukubwa akamwuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Kule chini hakuna kuogelea, tata. Kule ni kushuka tu."

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Alikuwa hatanii. Kitu alichotaka kutengeneza watu wa vitabuni wanakiita nyambizi. Sisi tulikiita tangi, na kweli lilikuwa tangi. Lilikuwa limehifadhi hewa iliyobanwa, likatupwa kwenye lundo la vyuma chakavu, na kwa urefu lilimtosha mtu mzima akilala na magoti yamekunjwa. Alilikata tundu la kuingilia juu, akalitengenezea mfuniko wa kukaza kwa skrubu. Mbele aliweka kioo kinene kilichotoka kwenye mtambo wa mvuke. Chini alining'iniza vikapu viwili vya wavu wa chuma vilivyojaa mipira ya kinu, ile mipira mizito ya kusagia mawe. Mipira ndiyo ingemshusha, na akivuta mkono mmoja wa chuma ndani, vikapu vingefunguka, mipira ianguke, yeye apande. Puani pa tangi aliweka ndoano yenye waya mrefu. Angelitafuta lori, angeikwamisha ndoano kwenye chuma chochote, na waya ungevutwa na lori jingine kutoka nchi kavu.

Lori jingine na mahali pa kufanyia kazi vilitoka kwa tajiri wa marehemu, mfanyabiashara Mwislamu kutoka upande wa Maniema, ambaye mji mzima ulimwita Hadji. Alikuwa na gereji mtaa wa Manika, nyuma ya soko. Hakumdai mtu lori lake hata siku moja. Alisema tu kwamba maiti ya mtu haikai hivyo, na kila alipolisema aliangalia upande mwingine. Alileta betri kubwa zilizotolewa kwenye garimoshi dogo la mgodini, na mota mbili za umeme.

Vyote hivyo vilikwenda vizuri. Palipokwama ni kwenye rafadha, yaani pangaboi za kulisukuma tangi majini, ambazo kila mtu gerejini aliziita helisi kama Wafaransa. Ziwekwe wapi? Ziwe ngapi? Nilikuwa nikiwapelekea chakula mchana wa Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mitaa, na ninakumbuka sakafu ya saruji imejaa michoro ya chaki, samaki mmoja mnene baada ya mwingine, wengine wana mkia, wengine wana masikio.

Hadji alitaka rafadha moja, nyuma, na usukani nyuma yake.

"Mi nilizaliwa pembeni ya mto," alisema. "Mabato yote ya Kindu iko na helisi nyuma. Na samaki, Mungu alimuwekea mukia wapi? Pa sikio?"

"Hadji, bato inaenda safari," mulamu akajibu. "Inatoka Kindu inaenda Ubundu. Mi siendi safari. Mi natafuta kitu, polepole, sawa mama anatafuta sindano mu mukeka. Usukani inataka mayi inatembea. Ukisimama, usukani ni kibao tu."

"Basi tembea."

"Nikitembea nitamupita."

Hadji alichukua kipande cha chaki, akamwongezea samaki wake jicho, akakiweka chini.

Mulamu alitaka mbili, moja kila ubavu, kila moja na mota yake. Hapa alifikiri kama mtu wa migodi. Sote tulikuwa tumekua tukitazama matingatinga yakigeuka kwenye vifusi: mnyororo wa kulia unakwenda mbele, wa kushoto unarudi nyuma, na mashine kubwa kama nyumba inazunguka palepale iliposimama. "Katapila inageuka pa fasi moja," alisema, "haiombe njia." Tangi lake lingegeuka hivyo. Angeweza kulitazama lori mbele, akazunguka, akatazama ubavu, bila kusogea.

Kisha akazidi kufikiri, na fikra hii ya pili ndiyo iliyoamua kila kitu. Mzamiaji alisema chini ni matope ya kiunoni. Tangi likitua juu yake, lingezama humo kama jiwe kwenye uji, na pengine lisitoke hata baada ya kumwaga mipira. Kwa hiyo lisitue kamwe. Lielee juu ya matope, kimo cha mtu hivi, limetulia kama ndege anayepiga mabawa mahali pamoja. Ili lifanye hivyo, rafadha za ubavuni zisikazwe moja kwa moja. Ziwekwe kwenye egemeo, ziweze kuinamishwa kutoka ndani kwa mkono: akitaka kwenda mbele azielekeze nyuma, akitaka kuelea azielekeze chini, zisukume maji chini, zimbebe.

Nilikaa nikisikiliza na sahani mapajani. Ilikuwa hoja nzuri. Hata Hadji alikubali, baada ya kuuliza mara mbili maji yangezuiwaje kuingia penye mihimili inayozunguka. Mulamu alimwonyesha kamba ya katani iliyolowekwa kwenye grisi, jinsi inavyozungushwa kwenye mhimili na kubanwa kwa kikombe cha chuma. Itavuja matone, alisema. Matone hayaue mutu.

Rafadha za mashua hazikupatikana Kolwezi. Nani angeziuza, na kwa nani? Lakini kiwandani kwake zilikuwapo za aina nyingine. Katika matangi ya kuchanganyia tope la shaba, rafadha yenye mabawa matatu mapana, yaliyovishwa mpira ili mchanga usiyale, inashushwa kwa mhimili mrefu hadi karibu na sakafu ya tangi. Inasukuma chini, tope linagonga sakafu, linapanda kwa pembeni, linarudi. Ikisimama hata kwa muda mfupi, mchanga wa shaba unatulia chini na kuganda, na mafundi wanaingia kuuvunja kwa sululu. Mulamu alizirekebisha rafadha hizo kila wiki. Alizijua kama mtu anavyozijua sahani za nyumbani kwake. Alipata mbili ndogo zilizochakaa mpira, akaziomba, akapewa.

Zote mbili zilikuwa za mkono mmoja, zikizungukia upande uleule, na hilo lilionekana siku ya kujaribu. Tulilipeleka tangi kwenye birika la saruji la kumwagilia, katika shamba moja kwenye njia ya Lubudi, mali ya rafiki wa Hadji. Lilipowashwa liliinamia kushoto na kubaki hivyo.

"Amelewa," Hadji akasema.

"Atakunywa kahawa," mulamu akajibu kutoka ndani, mfuniko ukiwa bado wazi, akatoka, akahamisha mipira kadhaa kutoka kikapu cha kushoto kwenda cha kulia. Lilikaa sawa. Akafunga mfuniko, akashuka. Maji yalikuwa safi, na sakafu ya birika nyeupe. Tuliliona tangi lote limeelea kimo cha goti juu ya saruji, limetulia, rafadha zimeelekea chini. Likageuka palepale, taratibu, duara zima. Hadji alipiga makofi. Nilitazama upande wa dada yangu. Alikuwa ameufungua mdomo wake kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu.

Tata mukubwa, ambaye alikuja na kiti chake, aliuliza badala yake. "Ukimukuta," alisema mulamu alipotoka, "na iko miezi yote hii, ni nini utatuletea?"

Mulamu alifuta mikono. "Ile itakuwako, tata."

Tulikwenda ziwani kabla ya mvua mpya. Joto lilikuwa kali, na maji yalikuwa yameshuka hata miti iliyozamishwa na bwawa ikatoa vichwa vyake vikavu. Kivukoni kulikuwa na askari aliyelizunguka tangi mara mbili akiligonga kwa fimbo.

"Citoyen, hii ni bombe?"

"Bombe inabeba mutu ndani?" Hadji akamwuliza. "Nani angekubali kuingia?"

"Batu banakubali mambo mingi," askari akasema, akaisoma karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya zone, yaani ya wilaya, akaisoma tena, akaondoka kukaa kivulini.

Wanawake wa kwaya walikuja pia, hakuna aliyewaita. Walikaa kwenye majani na mikono mapajani. Dada yangu alisimama karibu na maji.

Tangi lilivutwa kwa mtumbwi hadi mahali ambapo mvuta waya alionyesha. Nyuma yake lilifungwa kamba, na wavuvi wawili waliokuwa mtumbwini waliishika: akivuta mara moja, salama, akivuta mfululizo, wamtoe. Mulamu aliingia. Hakuaga mtu, ila alimwambia mvuvi mmoja asivute sigara karibu na betri. Mfuniko ukakazwa. Tangi likazama bila kelele, maji yakajifunga juu yake.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kamba ilisogea, ikasimama. Ikavutwa mara moja.

Kisha maji yalibadilika. Mwanzoni palionekana doa dogo la rangi ya udongo, kama chai inapoanza kutiwa maziwa. Likapanuka. Lilikuwa linachemka kutoka katikati na kuenea pembeni, na pembeni lilikuwa linajikunja na kurudi ndani. Niliitambua picha ile. Siku moja nilitumwa na karatasi kiwandani, nikapita kwenye daraja la chuma juu ya matangi, nikachungulia. Ni vile vile. Rafadha pana, imeelekezwa chini, imeshushwa karibu na mahali pasipotakiwa kitu chochote kitulie. Mulamu alikuwa ametengeneza tangi la kuchanganyia tope na kulishusha ziwani, na yeye mwenyewe alikuwa ndani, macho kwenye kioo. Tulikuwa wengi tuliozijua rafadha zile, kwa kazi au kwa kuziona. Hakuna aliyewaza jambo hilo. Kwetu kupandisha tope ilikuwa kazi yao njema.

"Haone kitu," nilimwambia Hadji. "Kule chini haone kitu kabisa."

Hadji alikuwa amekwisha kuelewa. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Akawapigia wavuvi kelele wamtoe. Walijibu kwamba kamba imevutwa mara moja, salama, na tena mara moja. Mulamu hakutaka kutolewa. Baadaye aliniambia kwamba kioo kiligeuka ukuta, na kadiri alivyoshindwa kuona ndivyo alivyoogopa kutua, na kadiri alivyoogopa kutua ndivyo alivyozielekeza rafadha chini kwa nguvu zaidi. Alidhani ametibua kidogo tu na kwamba akingoja tope litatulia. Alingoja huku anazungusha.

Doa lilikuwa sasa kubwa kama uwanja wa kanisa. Vitu vikaanza kupanda. Kwanza majani yaliyooza. Kisha gunia, likaonekana mgongo wake tu, likageuka, likazama tena. Lilikuwa la unga, la mzigo wa lori. Dumu la mafuta. Kipande cha ubao chenye rangi ya kijani, na Hadji akasema kwa sauti ndogo, "Ile ni ya bodi yangu." Wanawake wakasimama. Kisha kikapanda kitu cheusi, kipana, kimejaa hewa ya matope mgongoni kama kibofu, kikaelea.

Mvuvi mmoja alikifikia kwa kasia. Alikitazama kabla ya kukigusa. Akakileta hadi ukingoni kikiburuzwa nyuma ya mtumbwi, akakiacha kwenye maji ya kifundo cha mguu, akarudi nyuma.

Lilikuwa koti la mvua, la mpira. Dada yangu aliingia majini na viatu vyake. Aliligeuza, akatafuta mfuko wa ndani. Mfuko ulikuwa umepasuka zamani, na alikuwa ameushona mwenyewe kwa kipande cha kitenge chake cha manjano. Kipande kilikuwapo, rangi yake imekufa, nyuzi zimekaa.

Niliinama nikashika mkono mmoja wa koti, nikaufinya kutoka begani hadi mwisho. Ulikuwa na matope tu. Nikafinya wa pili. Vifungo vilikuwa wazi. Ninaandika hivi kwa sababu baadaye watu walisimulia mengine.

Tata mukubwa alikuja, akaegemea fimbo, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni yake," alisema. "Lakini mutu anaweza kuacha koti. Kama alifungua mulango, anatoka, anaogelea, koti ni muzito, anaivua. Mi ningeivua."

 Alikuwa amesema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza hivyo hivyo kabla yake.

Dada yangu alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika kwenye majani. Alilibeba koti kwa mikono miwili, moja chini ya mabega, moja chini ya magoti, yaani pale ambapo magoti yangekuwa, akalilaza juu ya kitenge. Akaikunja mikono yake kifuani. Akafunika kutoka upande wa kushoto, kisha wa kulia, akakunja miguuni, kama wanawake wetu wanavyofunga maiti kabla ya sanduku kufika.

"Mama," tata mukubwa akasema. "Mama, ngoja."

Dada yangu akafungua mdomo.

Sijui niielezee vipi sauti ile. Ilikuwa ya miezi yote. Haikuwa na maneno mwanzoni. Wanawake wa kwaya walimtazama tata mukubwa, wakatazamana, kisha mmoja wao akajitupa chini, wa pili akafuata, na wote wakaitika. Tata mukubwa aliinua mkono akaushusha. Wanaume wanaweza kukataza kilio kisifunguliwe. Kikishafunguliwa na wanawake, hakuna mwanamume mwenye kinywa cha kukifunga, na yeye alijua kuliko sisi. Kitu kinacholiliwa hivyo ni maiti.

Katika kelele ile hakuna aliyeikumbuka kamba. Tulisikia mipira ikiachiwa, au labda tulihisi tu, na tangi likaibuka katikati ya maji ya kahawia, limeinama kushoto. Wavuvi waliligeukia. Walifungua skrubu, wakainua mfuniko. Mulamu alitoa kichwa. Alikuwa ameloa jasho na mdomo wake ulikuwa unatafuta hewa. Alikuwa amekaa kule gizani bila kuona chochote, amepanda kutuambia ameshindwa, na kitu cha kwanza alichokisikia ni wanawake wanalia.

"Nani alikufa?" aliuliza.

 Aliuliza tena, kwa nguvu, akitutazama mmoja mmoja ukingoni kana kwamba anatuhesabu.

Dada yangu aliinua uso kutoka kwenye kitenge.

"Bwana yangu," alisema.

Tata mukubwa alikuwa bado amesimama. Watu wote walimngoja bila kumtazama. Akaweka fimbo chini. Akavua viatu, kimoja, halafu kingine, akakaa kwenye vumbi kando ya kile kifurushi, miguu imenyooka mbele, kama anavyokaa mwanamume aliyefiwa na mtoto. Hadji akasogea akakaa nyuma yake.

Askari walilichukua tangi juma lile lile. Walisema kitu kinachokwenda chini ya maji karibu na ukuta wa bwawa si cha kuachwa gerejini mwa mtu. Mulamu hakuteta. Alikuwa ameanza kuchora rafadha zikiwa juu ya mgongo wa tangi, mbali na matope, zikisukuma nyuma tu, na mchoro ulibaki kwenye sakafu hadi matairi yalipoufuta. Dada yangu alikaa chini siku zote za kilio, akanyolewa, akaoshwa, akafunguliwa kifungo cha ujane. Alirudi kwa baba yetu. Hakuna aliyemzuia.

Lakini jioni ile ya kurudi kutoka ziwani, fundi seremala aliitwa nyumbani. Alikitazama kifurushi kilicholala mezani, kimelowa, chembamba, na maji yakidondoka kwenye karai. Akashika kamba yake ya kupimia bila kujua aanzie wapi.

"Nitengeneze sanduku ya mutoto?" aliuliza. "Hii itaenea mu ya mutoto."

 Tata mukubwa aliinuka kutoka sakafuni kwa shida, akajinyoosha kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akainua mkono, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha akaupandisha juu zaidi kwa upana wa kiganja.

"Alinipita," alisema. "Pima hapa."